Natamani Kujitolea kama Majirani Zangu, Lakini Nyumba Nimwachie Nani?

Mama Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Marikina, mji ulio upande wa mashariki wa Manila, nchini Ufilipino. Nilizaliwa Tanga kwa baba Mfilipino, aliyekuwa fundi wa mitambo ya meli, na mama Mbondei wa Muheza. Nilipomaliza sekondari tulihamia kwa akina baba, nikasoma chuo kwa miaka miwili, nikaolewa na kujaliwa watoto watatu. Hadi leo jambo zito likinifika huliwaza kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo sababu nimekuletea wewe shauri langu badala ya kumpelekea mtu wa hapa, ambaye huenda likamtoka mdomoni kabla sijafika nyumbani.

Mume wangu ni baharia wa meli za mizigo, kama walivyo wanaume wengi sana wa nchi hii, na kila mkataba humweka majini miezi tisa. Nyumbani tuko mimi, mama mkwe wangu ambaye sote twamwita Nanay, binti yangu wa kwanza mwenye miaka 14, mdogo wake wa kiume mwenye miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 3. Siku zetu hazina makuu. Shule yao ina wanafunzi wengi kuliko madarasa, hivyo husoma kwa zamu, na kwa kuwa wanangu wako zamu ya asubuhi mimi huamka saa kumi alfajiri. Nakaanga wali uliolala kwa vitunguu saumu, naweka samaki wakavu pembeni, binti anatoka kwenda kununua pandesal, ile mikate midogo ya mviringo, ingali moto, na Nanay anakaa mezani na vidonge vyake vya shinikizo la damu. Kabla ya kutoka kila mtoto huushika mkono wa bibi yake na kuugusisha kwenye paji la uso wake, nami hufurahi kila ninapoliona jambo hilo, kwa kuwa hiyo ndiyo shikamoo ya huku. Mchana nafua, naenda sokoni, naandaa chakula. Jioni binti husimamia kazi za shule za mdogo wake na kumlisha kitinda mimba, ambaye mchuzi wa ukwaju hakubali kuupokea kwa mkono wa mtu yeyote ila wa dada yake. Usiku baba yao akipata mtandao hupiga simu ya video, na vichwa vitatu hugombania kioo kimoja. Nayapenda maisha haya, na sitaki usome barua yangu ukadhani nimeyachoka.

Kinachonisumbua ni hiki. Tunakaa karibu na Mto Marikina, katika barangay mojawapo, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali ya huku, mfano wa mtaa wa kwetu wenye ofisi na mwenyekiti wake. Tarehe 12 Novemba 2020, kimbunga kilichoitwa Ulysses kilipopita, mto ulipanda hadi mita 22, juu zaidi ya mita 21.5 ulizofikia wakati wa mafuriko ya dhoruba ya Ondoy mwaka 2009, ambayo watu wa hapa walikuwa wakiamini hayatapata mfano. Mume wangu alikuwa baharini. Waliotutoa kwenye ghorofa ya juu, mimi, Nanay na watoto wawili niliokuwa nao wakati huo, walikuwa majirani zangu tu: kijana muuza samaki, dereva wa bajaji za hapa, na mama mmoja mhudumu wa afya wa barangay, aliyekuwa amejifunga kamba kiunoni na maji yakimfika kifuani, akaniambia nimpe mtoto mdogo kwanza. Shuleni tulikokimbilia, mama huyohuyo, nguo zikiwa bado zimemgandama mwilini, alizunguka darasa hadi darasa akiuliza nani ni mjamzito, nani ameacha dawa zake nyumbani, mtoto wa nani ana homa. Asubuhi wakatupikia uji wa mchele wenye tangawizi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nyumba yake mwenyewe ilikuwa imejaa tope hadi darini.

Tangu siku hiyo siachi kuwatazama watu hawa. Namwona mama huyo akipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akimkumbusha huyu chanjo na yule kliniki, akimpima Nanay shinikizo la damu huku akimuulizia habari za wajukuu, na najiambia kwamba huyu ndiye mtu ambaye ningependa wanangu waone nikifanana naye. Mwaka huu mkunga wa zahanati ya barangay aliniita akaniambia kuwa nafasi moja ya mhudumu itakuwa wazi, kwamba nina elimu ya kutosha na watu wananikubali, na kwamba angependa niichukue. Nilitoka pale na furaha ambayo sijaionja kwa muda mrefu.

Mume wangu hakuifurahia habari hiyo. Hakugomba, alisema kwa upole tu, "Mimi nipo huku ili wewe uwepo hapo." Nanay ananiunga mkono kwa maneno, lakini nikimwachia kitinda mimba kwa saa chache namkuta ameshika kichwa. Aliyenitia moyo ni binti yangu, aliyeniambia, "Nenda, Mama, nyumba nitaiangalia mimi."

Je, ni kosa mama wa watoto wadogo kutamani kuwatumikia watu wa nje? Nikikataa, nitamtazamaje usoni mtu aliyeniokolea mwanangu? Na jambo dogo la mwisho: Desemba huku ni mwezi wa kuwaenzi watu wanaojitolea, nami ningependa kuwapa zawadi. Nini kinafaa?

Mama wa Watatu, Marikina

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa maji ya mwaka 2020.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa halihitaji maneno mengi: si kosa. Mtu aliyetolewa majini na jirani yake akabaki na hamu ya kumtoa mwingine ana moyo ulio hai, na mume wako anastahili kuijua hamu hiyo hata kama nyumba haijawa na nafasi ya kuipokea. Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba nafasi aliyokuambia mkunga usiichukue mwaka huu. Nitakueleza sababu, kisha nitakueleza jambo ninaloliona kuwa na haki zaidi kwa yule mama mwenye kamba, ambalo unaweza kulianza wiki hii.

Elewa kwanza unachoombwa. Sheria namba 7883 ya mwaka 1995, inayohusu wahudumu wa afya wa barangay, inawatambua kuwa ni watu wa kujitolea waliopewa mafunzo, na lengo la wizara ya afya limekuwa kwamba kila mhudumu awe na kaya 20. Kaya 20 zinasikika chache mpaka utakapozipita mlango kwa mlango: humo mna mjamzito wa kukumbushwa kliniki, mtoto aliyepitwa na chanjo, wazee wa shinikizo la damu kama Nanay, mgonjwa wa kifua kikuu anayepaswa kumeza dawa bila kuruka kwa miezi sita, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane. Malipo yake ni posho, na posho hiyo hutofautiana mji hadi mji kwa kuwa kila serikali ya mahali hutoa kadiri ya mfuko wake. Sheria imeweka pia manufaa ambayo sipendi uyadharau, mojawapo likiwa kwamba mhudumu aliyeidhinishwa, akitumikia miaka mitano mfululizo na akiwa na angalau miaka miwili ya chuo kama ulivyo wewe, huweza kupata sifa ya kuajiriwa katika utumishi wa umma. Upande wa pili ni kwamba uongozi wa barangay unapobadilika baada ya uchaguzi, hutokea wahudumu nao wakabadilishwa, na mwanamke aliyekuwa akipima watoto kwa uaminifu akaambiwa apumzike kwa sababu alihesabiwa kuwa mtu wa upande fulani. Kwa hiyo muulize mkunga bila kuona haya: nafasi hiyo inaachwa na nani, na kwa nini? Kazi ni siku ngapi katika wiki? Na usiku wa dhoruba, mhudumu hutakiwa awe wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nisite. Vipimo vya mto wenu unavijua kuliko mimi: ukifika mita 15 watu hujiandaa, ukifika mita 16 huanza kuhama, na ukifika mita 18 kuhama ni lazima. Katika saa hizo, ambazo zinaweza kuwa chache sana mvua inapomwagika milimani, mhudumu wa afya huwa shuleni akiwapokea wanaohama au milangoni mwa wagonjwa akihakikisha hawaachwi. Sasa jiulize, ukiwa wewe ndiye huyo, Nanay anateremka ngazi ameshikwa na nani? Mtoto wa miaka 3 amebebwa na nani? Nani anakumbuka dawa, vyeti vya kuzaliwa na chaja ya simu ambayo baba yao atakuwa akiipiga kutoka katikati ya bahari bila kupata jibu? Hesabu yote hiyo inamwangukia mtu mmoja, naye ana miaka 14.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa sehemu hii ya barua yako ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko zote. Kila unapomtaja binti yako, ana kazi mkononi. Anakwenda kununua mikate, anasimamia masomo ya mdogo wake, anamlisha kitinda mimba, na mwishowe anajitolea kuiangalia nyumba nzima. Hukuniambia anapenda nini, rafiki yake ni nani, wala somo gani linamtoa jasho. Najua hukukusudia kumficha. Ufilipino, kama ilivyo Muheza kwa mama yako, mtoto wa kike aliyetangulia hukabidhiwa cheo cha dada mkubwa mapema, husifiwa kwa cheo hicho, hukionea fahari, na kwa kuwa anakionea fahari watu wazima huacha kumuuliza kama mzigo umemzidi. Alipokuambia "nenda" alikuwa akisema kweli, na alikupa kitu kikubwa kwa mapenzi yake mwenyewe. Mshukuru, mkumbatie, kisha usikipokee. Baba akiwa majini miezi tisa na mama akiwa na kaya 20, msichana huyu ndiye atakayekuwa amejitolea kuliko watu wote wa barangay yenu, bila mafunzo, bila posho, bila sare, na bila mtu wa kumwandikia barua ya kumsifu kama wewe ulivyomsifu jirani yako.

Tafuta mchana mmoja utoke naye peke yake, mdogo wake wa kiume akae na Nanay na kitinda mimba umpe jirani unayemwamini, mkanywe kitu baridi mahali, umuulize habari zake wala si habari za nyumba. Huenda ukagundua kwamba naye ana hamu kama yako. Nchi hiyo imewahi kuona vijana wa shule wakianza mambo makubwa: Efren Peñaflorida wa Cavite alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari mwaka 1997 alipokusanya wenzake, na baadaye wakawa wakisukuma mkokoteni uliojaa vitabu hadi mahali wanapocheza watoto wasiosoma, kazi iliyomfanya ateuliwe kuwa shujaa wa mwaka na televisheni ya CNN mwaka 2009. Ikiwa binti yako ana jambo lake, heri apate saa za kulifuata hilo kuliko kuzitumia saa hizo kukutunzia wewe lako.

Kuhusu mume wako, nadhani umelisikia neno lake kama amri, nami nalisikia kama hofu. Mwaka 2020 alikuwa melini akipata habari za mto vipandevipande, mtandao ukija na kukatika, asijue kama nyumba yake ina watu au ina maji tu. Mtu aliyepitia hayo, akisema "ili wewe uwepo hapo", anazungumza juu ya usiku ule. Usijadiliane naye kwenye simu ya video, vichwa vitatu vikigombania kioo. Mwandikie ujumbe mrefu, umsimulie habari ya yule mama na kamba yake kwa ukamilifu kama ulivyonisimulia mimi, kwa kuwa sina hakika kama amewahi kuisikia yote. Mwambie kwamba umeamua kutoichukua nafasi hiyo sasa, mwambie utakachofanya badala yake, na mpatane kwamba akirudi likizo mtaketi tena kulizungumza jambo hili mkiwa uso kwa uso. Likizo yake isiwe ya kupumzika peke yake. Ni wakati wa yeye kujifunza ratiba ya mtoto ambaye mchuzi hakubali kuupokea ila kwa mkono mmoja.

Nanay naye asiwekwe kwenye mizani ya kulea kwa sababu tu haya inamzuia kukataa. Mzee anayeshika kichwa baada ya saa chache na mtoto wa miaka 3 ameshajibu.

Sasa nije kwa jirani yako. Umeandika kwamba siku ile nyumba yake ilikuwa imejaa tope hadi darini. Ni nani aliyeisafisha? Barua yako haisemi, nami sikulaumu, kwa kuwa hivi ndivyo tunavyowatazama watu wa aina yake kila mahali. Tunawaona wakiwa kwetu, milangoni petu, na daftari mkononi; hatuwaoni wanaporudi kwao saa moja usiku na kukuta sufuria tupu, nguo za shule hazijafuliwa, na labda mume anayesema maneno yaleyale aliyokuambia wako. Labda naye ana binti anayelisha wadogo zake. Tunawastahi mno kiasi cha kuona kwamba kumpelekea mtu kama huyo bakuli la mchuzi ni kumshushia heshima, na matokeo yake mhudumu wa watu wote anakuwa mtu asiyehudumiwa na yeyote. Unaniuliza utamtazamaje usoni. Mtazame ukiwa umebeba chakula.

Sisemi hivyo kwa mfano tu. Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, barangay zote za Ufilipino hupima uzito na urefu wa watoto walio chini ya miaka 5, na katika siku hizo wahudumu wa afya na wale wanaoshughulikia lishe husimama tangu asubuhi. Chakula cha jioni cha nyumba ya mama huyo, siku hizo, kitoke jikoni kwako. Unapika hata hivyo. Ongeza mchele na kipande cha samaki kwa kila kichwa chao. Watafute akina mama wengine wawili wa mtaa wenu mpokezane siku, na kabla ya kuanza muulize yeye mwenyewe nyumbani kwake wanakula nini na wangapi, maana msaada usioulizwa huweza kuwa kazi ya ziada. Kitinda mimba wako atapimwa siku hizo, kwa hiyo utakuwapo. Umewahi kuiona shughuli ile kwa karibu: mtoto ananing'inia kwenye mzani akilia, mama yake amemshika mguu, mshale unachezacheza, na mhudumu mmoja anajaribu kuusoma, kumtuliza mtoto na kuandika kwa wakati mmoja. Mwombe akupe daftari. Yeye asome namba kwa sauti, wewe uiandike, na mwanao acheze pembeni yako. Mkimaliza foleni ya asubuhi rudi nyumbani, wakubwa wakukute.

Vilevile, kumbuka kwamba nyumba yako ni mojawapo ya zile kaya anazozipita. Ukimpima Nanay mwenyewe kila asubuhi kwa kipimo cha nyumbani, ukaandika tarehe na namba kwenye daftari dogo, na ukahakikisha anameza dawa zake kwa wakati, umempunguzia mlango mmoja. Akija atasoma ukurasa mmoja, atakunywa maji, ataendelea na safari.

Unaweza kudhani kwamba haya ni madogo mno ukilinganisha na mtu aliyeingia majini. Fikiri basi juu ya tarehe 14 Aprili 2021, wakati wa janga la korona, mwanamke kijana aitwaye Ana Patricia Non alipoweka mkokoteni wa mianzi kwenye Mtaa wa Maginhawa, huko Quezon City, mji jirani na wenu, ukiwa na vyakula na bango lililowaambia watu watoe kadiri ya uwezo wao na wachukue kadiri ya mahitaji yao. Katika siku chache meza za chakula za namna hiyo zilikuwa zimetokea kila upande wa nchi. Jina lake linajulikana, na ni haki lijulikane. Lakini mkokoteni ule ulijazwa na watu ambao hakuna anayewajua: aliyeshuka na trei ya mayai, wakulima walioleta viazi vitamu, mama aliyepita na mafungu mawili ya mboga akayaweka, kisha akaenda zake kuwapikia watoto. Siku chache baadaye Bi. Non alilazimika kusimamisha shughuli kwa muda mfupi kwa kuhofia usalama wake, baada ya kuhusishwa hadharani na wakomunisti, na meza za watu wengine zikaendelea kulisha. Zingekuwa zinamtegemea yeye peke yake, zingefungwa naye. Wale waliopita, wakaweka, wakaenda nyumbani, ndio ninaotaka uwe mmoja wao kwa sasa, nami nawahesabu kuwa wamejitolea kwa ukamilifu.

Kuna na siku za usafi wa shule kabla ya mwaka wa masomo kuanza, utaratibu ambao wizara ya elimu ya huko imekuwa ikiuendesha tangu mwaka 2003, wazazi wakienda kupaka rangi na kutengeneza madawati. Huko nenda na watoto wote watatu.

Nafasi ya uhudumu haitakukimbia. Tangu sheria ya mwaka 1990, kila barangay hutakiwa iwe na kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, kwa hiyo kitinda mimba ataweza kuanza huko, na akifika miaka 5 ataingia chekechea, asubuhi zako zikawa na nafasi bila kumgharimu mtu mwingine. Nenda kwa mkunga wewe mwenyewe, usimtume mtu, umwambie kwamba umeheshimika kuombwa, kwamba mwaka huu hapana, na umtajie mwaka ambao ungependa akuulize tena. Kisha mwambie na yule jirani, kabla hajasikia kwa wengine. Mtu aliyemkumbuka kwanza mtoto wako katika maji yale hatashindwa kuelewa kwa nini nawe unawakumbuka wanao kwanza.

Kuhusu zawadi ya Desemba, achana na ngao ya kuchonga na fulana yenye maandishi. Hizo ofisi itawapa. Mpe anachokitumia kazini na anachokinunua kwa fedha yake: koti la mvua lisilovuja, mwavuli imara, tochi ya kuvaa kichwani, salio la simu, kwa kuwa taarifa nyingi za kaya zake huzipeleka kwa simu yake mwenyewe, na viatu virefu vya mpira vya kuvukia tope. Lakini msimu wa mvua huko kwenu huanza Juni, na mwaka 2020 maji yaliwafika Novemba, kwa hiyo viatu na koti visisubiri Desemba. Utakapokwenda kumuuliza habari za chakula wiki hii, muulize pia anavaa namba ngapi.